Kushoto ya Nani? Somo la Betri Kutoka Kasenyi

Neno "kushoto" ni miongoni mwa maneno ambayo hakuna anayetuuliza maana yake darasani. Likizo iliyopita neno hilo lilinigharimu siku nzima, nauli ya pikipiki mara mbili na miadi ya mama hospitalini. Makala hii inaeleza jinsi betri mbadala inavyofungwa katika gari la zamani, na kwa nini, kwa upande wetu, hatua iliyotushinda haikuwa ya spana bali ya lugha.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1994, mali ya baba mdogo. Toyota iliunda Celica kuanzia 1970 hadi 2006, nayo huhesabiwa kuwa gari la michezo: milango miwili, boneti ndefu, tumbo karibu na ardhi. Kwetu Kasenyi, ufukweni mwa Ziwa Albert, watoto bado humuuliza baba mdogo ni mchezo gani unaochezwa nalo. Lilifika kwa njia ya magari mengi ya Ituri: kutoka Japani likiwa limetumika, likapitia Kampala, likavuka mpaka na usukani wake wa kulia, ingawa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Jambo hili la usukani lishikwe, nitalirudia.

Asubuhi moja Celica iligoma kuwaka. Taa zilififia, stata ikatoa mlio mmoja mdogo, basi. Mama alitakiwa kufika hospitali mjini Bunia kesho yake, na magoti yake hayamruhusu kupanda pikipiki katika barabara ya kupandisha mlima kupitia Bogoro. Ilibidi betri ipatikane siku hiyohiyo.

Mambo manne ya kulinganisha

Gari la umri huu halina tena betri ya kiwandani. Lina betri ya tatu au ya nne, iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo swali si "betri ya Celica ni ipi?" bali "ni betri ipi itakayokaa mahali pa hii?" Mambo manne lazima yalingane.

La kwanza ni volti. Betri ya gari dogo ni ya volti 12: vyumba sita vilivyounganishwa kwa mfuatano, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Ndiyo maana betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha kama volti 12.6 kwenye kipimo.

La pili ni ukubwa wa sanduku, kwa sababu sinia ya betri na kishikizo chake havinyooki.

La tatu ni unene wa vichwa, yaani zile nguzo mbili za risasi ambamo vibano vya waya hufungwa. Betri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba. Kubwa zaidi, pamoja na zile za Ulaya, zina vinene. Kibano kipana kwenye kichwa chembamba hakishiki, na watu hujazia kipande cha bati. Bati hilo hulegea, na mahali palipolegea pana joto.

La nne ni upande wa vichwa: chanya iko wapi na hasi iko wapi. Waya za gari zimekatwa kwa urefu wa mahali pake. Ukikosea upande, ama waya haifiki, ama inafika mahali pasipo pake. Chanya na hasi zikibadilishana, fyuzi kuu huungua, na daiodi za alteneta zinaweza kuungua pamoja nayo.

Matatu ya kwanza tuliyamaliza kwa rula na macho. La nne nilikabidhiwa mimi. "Weye unasoma luga," alisema baba mdogo akinipa simu. "Sema na muuzaji."

Simu

Karatasi ya betri ilikuwa imefunikwa na ukoko wa kijani na vumbi la mafuta, haisomeki. Nilisimama mbele ya gari, magoti yakigusa bampa, nikatazama ndani. Muuzaji aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu:

"Plusi iko kushoto ao kuume?"

Nilitazama. Alama ya kujumlisha ilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto.

"Kushoto," nilijibu.

Betri ilifika saa nane mchana, imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi. Urefu sawa, upana sawa, vichwa vinene sawa. Fundi aliiweka kwenye sinia, akanyamaza, akaitoa tena. Chanya ilikuwa imekaa mwisho wa hasi.

Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alipendekeza tuizungushe nusu duara. Ni kweli kwamba ukiizungusha, chanya hurudi mwisho unaotakiwa. Lakini safu ya vichwa nayo huhama: vilivyokuwa upande wa kioo sasa vinakuwa upande wa bampa. Waya ya chanya ilifika kwa kuvutwa, ikilalia ukingo wa chuma kinachoshika rejeta. Fundi alikataa. Bati la gari lote limeunganishwa na hasi, na barabara ya Bogoro ingeusugua mpira wa waya juu ya chuma kile hadi ukatoboka. Hapo ni cheche, penye mafuta na petroli.

Kisha akaniuliza: "Ulimwambia muuzaji nini?"

"Kwamba plusi iko kushoto."

"Kushoto ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza, bila ukali: "Batri haina mukono, mwanangu."

Mikono ya nani?

Usemi wa fundi una uzito wa kiisimu. Kiswahili kimeyachukua majina ya pande hizi mwilini mwa binadamu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Mkono wa kuume unahusishwa na mwanamume na nguvu zake. Pande hizi zina maana kwanza kwa mtu mwenye mwili, aliyesimama, anayetazama mahali fulani. Tunapozihamishia kwenye kitu kisicho na uso wala mgongo, tunakiazima mwili, na tusiposema ni mwili wa nani, sentensi haijakamilika.

Stephen Levinson, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu nafasi katika lugha na utambuzi, anatenganisha mifumo mitatu ya marejeo. Katika mfumo wa kwanza, mahali hutajwa kwa kumtegemea mtazamaji: kushoto kwangu mimi nilipo. Katika wa pili hutajwa kwa sehemu za kitu chenyewe: puani mwa mtumbwi, mlangoni mwa nyumba. Katika wa tatu hutajwa kwa mazingira yasiyogeuka mtu anapogeuka: mashariki, mtoni, mlimani. Wazungumzaji wa Kiguugu Yimithirr huko Queensland, Australia, wanajulikana kwa kutumia mfumo wa tatu hata kwa vitu vidogo vilivyo mezani.

Mimi na muuzaji tulitumia mfumo wa kwanza, kila mmoja kwa mwili wake. Mimi nilikuwa kwenye bampa, vichwa vikiwa upande wa mbali, karibu na kioo. Yeye, kama wauzaji wengi, huiweka betri juu ya meza vichwa vikiwa upande wa tumbo lake. Mtu akihama kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, kushoto kunakuwa kulia. Wote wawili tulisema kweli, na betri isiyofaa ikapanda pikipiki.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kutumia gari: "upande wa dereva". Hapa ndipo usukani wa Celica unaporudi. Mjini Bunia magari yenye usukani wa kulia na yenye usukani wa kushoto hupishana kila siku. "Upande wa dereva" kwa baba mdogo ni "upande wa abiria" kwa jirani yake. Mfumo wa pili hufaa tu pale kitu tunachokitegemea kinapofanana kwa wote wanaozungumza.

Herufi iliyokuwa chini ya ukoko

Fundi alimwaga maji ya moto juu ya betri ya zamani, akaisugua kwa brashi. Ukoko uliyeyuka na maandishi yakajitokeza: 55D23L. Ile mpya iliandikwa 55D23R.

Huu ni msimbo wa viwango vya viwanda vya Japani, JIS. Namba ya kwanza, 55, ni daraja la uwezo wa betri. Wengi huisoma kama ampea-saa, na si hivyo. Herufi D inataja upana na kimo cha sanduku. Namba 23 ni urefu wake kwa takriban sentimita. Herufi ya mwisho ni upande wa chanya: L ni kushoto, R ni kulia.

Kushoto ya nani? Kiwango kina jibu, na jibu hilo halikuwa mwili wangu wala wa muuzaji. Mtazamaji wa JIS husimama kwenye ubavu mfupi wa betri, ule ulio karibu na chanya. Kutoka hapo, katika betri ya L, chanya iko kushoto kwake. Lakini muuzaji mwenye vichwa karibu na tumbo lake, akiitazama betri hiyohiyo kwa ubavu mrefu, huiona chanya kulia. Ndiyo maana neno langu "kushoto" lilimpeleka moja kwa moja kwenye R. Viwango vya Ulaya vimekwepa mtego huu kwa tarakimu: mpangilio 0 una chanya kulia pale vichwa vinapokuwa karibu nawe, na mpangilio 1 una chanya kushoto.

Kuna alama moja zaidi isiyohitaji mtazamaji yeyote. Kwenye vichwa vinene, chanya huwa na kipenyo cha milimita 19.5 na hasi 17.9. Tofauti ni ndogo, lakini fundi huitambua kwa vidole, hata gizani. Unene huo haubadiliki kwa kuzunguka upande wa pili wa gari.

Kufunga

Muuzaji alikubali kubadilisha, kwa kuwa betri ilikuwa haijatumika. Niliomba nipige simu mimi tena. "Nataka 55D23L," nilisema. "Ukiiweka vichwa vikiwa karibu na tumbo lako, plusi inakuwa mukono wako wa kuume." Alinyamaza kidogo, nadhani aliigeuza betri mezani. "Njo ile," akajibu. Ilifika kesho yake asubuhi, saa ambayo mama alipaswa kuwa ameshakaa kwenye benchi la hospitali.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi, na mpangilio wake una sababu. Gari huzimwa na ufunguo kutolewa. Hasi hufunguliwa kwanza, kwa spana namba 10, ambayo Kasenyi huitwa kle ya kumi. Kwa nini hasi? Kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa boneti au chuma chochote, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma kilicho mkononi mwako. Hasi ikiwa imeshatolewa, spana inaweza kugusa bodi bila madhara.

Betri ya zamani huinuliwa ikiwa wima, kwa maana ndani yake mna asidi ya salfuri. Sinia na vibano husafishwa na kukaushwa. Betri mpya hukalishwa, na kishikizo hukazwa kabla ya waya: betri inayorukaruka barabarani hupukutisha sahani zake za risasi na kufa mapema. Kisha chanya hufungwa kwanza na hasi mwisho, kinyume cha kufungua, kwa sababu ileile. Injini ikiwaka, kipimo kisome kama volti 14 kwenye vichwa. Kikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa. Chetu kilisoma 14.1.

Betri ya zamani haikutupwa ziwani wala kumwagwa uani. Muuzaji aliichukua kwa ajili ya risasi yake.

Mama alifika Bunia siku moja baadaye, akapangiwa tarehe nyingine, na njiani aliniuliza mara mbili kama chuo kinatufundisha kushoto na kulia. Nilimwambia kwamba sasa nimefundishwa.

Kwa wenzangu wanaokusanya istilahi au kutafsiri vitabu vya maelekezo kwa Kiswahili, nina ombi moja. Kila mnapoandika "upande wa kushoto", tafuteni katika sentensi hiyohiyo mtu aliyesimama na mahali anapotazama. Asipokuwepo, mwekeni, au taja kitu kilicho jirani: taa, kioo, tairi. Fundi wetu hufanya hivyo siku zote. Kwake, chanya ya Celica haiko kushoto wala kulia. "Iko fasi ya taa," husema, na hata mtoto anayemshikia spana huenda moja kwa moja mahali penyewe.