Kupunguza koromeo: hesabu ya anayeanzia safari Bwera

Kwa mwanamke aliyezaliwa akaitwa mvulana, nywele hukua na nguo hubadilishwa, lakini koromeo hubaki palepale. Homoni hazilipunguzi, kwa kuwa ni gegedu, na gegedu iliyoota wakati wa balehe hairudi nyuma. Anayeishi Kasese au Bwera, Uganda, na hataki kuliona kwenye kioo, afanyeje, na kwa kiasi gani?

Kwanza ajue ni koromeo kweli. Uvimbe wa shingo huweza kuwa rovu, ambalo hukaa chini kidogo na lina tiba yake. Hospitali ya Bwera ni ya serikali, na ada katika hospitali za serikali ziliondolewa 2001, kwa hiyo uchunguzi wa mwanzo ni nauli tu ya bodaboda.

Njia ya bei ndogo ni mtandio. Soko la jirani la Mpondwe hufurika Jumanne na Ijumaa, na mitandio myepesi haikosekani. Siidharau njia hii, ingawa joto la mchana la Kasese huifanya iwe adhabu. Mazoezi ya sauti nayo hayana gharama kubwa, na yanafaa kutajwa kwa sababu wengi hudhani kukwangua koromeo kutaifanya sauti iwe nyembamba. Hakufanyi hivyo.

Upasuaji wenyewe ulielezwa na madaktari Wolfort na Parry mwaka 1975. Ngozi hukatwa kidogo, vizuri zaidi chini ya kidevu ambako kovu hujificha, kisha ukingo wa juu wa gegedu hupunguzwa. Mara nyingi ni kazi ya saa moja hivi. Lakini nyuzi za sauti zimeshikwa nyuma ya gegedu hiyohiyo. Daktari akizidisha, sauti hukwaruza au huwa nzito kuliko awali, na hilo ndilo pigo ambalo mwanamke huyu hawezi kulimudu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: utaingiza kamera kooni uone nyuzi zilipo kabla ya kukata? Akisitasita, ondoka, hata kama amepunguza nusu ya bei.

Marekani bei za kawaida ni dola 3,000 hadi 5,000, mara nyingine zaidi. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, hizo za chini tu ni milioni 11 na ushee. Thailand ni nafuu kuliko hapo. Huko ndiko Mganda Cleopatra Kambugu alikokwenda kwa upasuaji wake wa jinsia, safari iliyoonyeshwa katika filamu ya The Pearl of Africa ya 2016. Ila ongeza pasipoti ya shilingi 250,000, viza, tiketi ya ndege na malazi ya wiki moja au mbili. Groote Schuur ya Cape Town ni hospitali ya umma yenye kliniki ya watu waliobadili jinsia, lakini foleni yake ni ya miaka mingi.

Mimi ningeanzia kwa bingwa wa koo au wa upasuaji wa sura jijini Nairobi, awe tayari kuifanya kazi hii. Tangu 2014 Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na kidonda kikichafuka unarudi kwa basi.

Ukiogopa kumwonyesha kidonda daktari wa nyumbani, una sababu: Sheria ya 2023 dhidi ya ushoga bado ipo, na ni kali mno. Lakini tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilichowalazimisha watu kutoa taarifa za wenzao. Homa ikipanda, nenda hospitali.

Na kabla ya kulipa chochote, tazama kovu lako la chanjo begani. Kama limevimba na kung'aa, mwambie daktari, kwa sababu la shingoni huenda likafanya vivyo hivyo.