Kuhubiri Kwenye Ufuko wa Dunga

Mhubiri wa vijana hapa Kisumu akiwangojea kanisani Jumapili asubuhi, mpenzi msomaji, atahubiria viti. Wavuvi wa omena hukesha ziwani na taa zao. Jua likichomoza wanataka usingizi. Ndiyo sababu mimi huenda Dunga alfajiri, nikakaa nao wakitengeneza nyavu.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1906 J. J. Willis alianzisha shule ya Maseno, na mwaka huohuo Arthur Carscallen wa Waadventista akafungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay. Wakristo wa kwanza waliitwa "josomo", yaani wasomaji. Vijana wangu, kinyume chake, wameacha shule, maana mashua hulipa siku hiyohiyo.

Neno gumu ni "jaboya": mwanamke kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Nikilikemea hucheka. Lakini kijana mmoja hakucheka. Aliniuliza, yeye akiacha, yule mama atawalisha watoto wake nini?

Swali hilo halijibiwi kwa aya ya Biblia peke yake, wasemavyo wachungaji wasemavyo. Nikamweleza habari za Nduru, huko Nyakach, ambako akina mama waliungana, wakapata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wavue. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likawafukuza makwao.

Akaniuliza mashua moja ni bei gani. Tukaanza kupiga hesabu mchangani.