Afrika Kusini ilipokataza pombe na sigara wakati wa Korona: nani alipata, nani alipoteza?

Familia nyingi hapa makazini zina ndugu Johannesburg, Durban au Cape Town, na baadhi yao wanaishi kwa kaduka ka mtaani. Katika duka la namna hiyo, sigara ya rejareja, moja moja, ndiyo inayomwingiza mteja mlangoni. Kwa hiyo Afrika Kusini ilipopiga marufuku pombe na tumbaku mwaka 2020, halikuwa jambo la walevi na wavutaji peke yao. Mabishano ya wakati ule hayajaisha: je, serikali ikitaka kupunguza ulevi na sigara, ikataze au itoze kodi?

Kilichokatazwa ni nini hasa?

Karantini ya Afrika Kusini ilianza tarehe 27 Machi 2020. Nchi nyingi zilifunga baa tu. Hapa Uganda baa zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Januari 2022, lakini dukani bia iliendelea kuuzwa, mtu akabeba chupa yake akanywea nyumbani. Afrika Kusini haikuruhusu hata hilo. Kuuza pombe yoyote na sigara yoyote likawa kosa.

Pombe ilikatazwa mara nne. Iliruhusiwa tarehe 1 Juni 2020, Jumatatu hadi Alhamisi mchana tu, ikakatazwa tena tarehe 12 Julai bila watu kupewa hata siku moja ya kujiandaa. Ilirudi Agosti, ikakatazwa mwisho wa Desemba hadi mwanzo wa Februari 2021, kisha tena mwisho wa Juni hadi karibu mwisho wa Julai mwaka huo. Sigara ilikatazwa mara moja, lakini kwa muda mrefu: kutoka Machi mpaka katikati ya Agosti 2020, karibu miezi mitano.

Pombe: hoja ya vitanda

Sababu ya serikali ilikuwa rahisi kueleweka. Ijumaa na Jumamosi usiku, hospitali za Afrika Kusini hupokea watu waliochomwa visu, waliogongwa na magari, wanawake waliopigwa nyumbani. Kila majeruhi anachukua kitanda na daktari ambavyo wakati ule vilihitajika kwa wagonjwa wa Korona.

Na ilionekana. Watafiti waliochunguza majuma matano ya marufuku ya Julai na Agosti 2020 walikuta vifo vitokanavyo na majeraha vilipungua kwa angalau asilimia 14. Wapo waliosema ni amri ya kutotembea usiku iliyosaidia, maana ilirudishwa siku ile ile. Huenda ilichangia. Lakini madaktari wa zamu walisema wazi kwamba pombe ikifungwa wodi zinapungua watu, na ikifunguliwa majeruhi wanarudi.

Upande wa pili walikuwa wenye viwanda na baa, na watu waliopoteza kazi. Kampuni ya South African Breweries ilitangaza mwezi Agosti kwamba imefuta mipango ya kuwekeza randi bilioni 2.5.

Sigara: hapo ndipo hesabu iliharibika

Tarehe 23 Aprili Rais Cyril Ramaphosa alisema sigara zitaruhusiwa kuanzia 1 Mei. Siku sita baadaye waziri Nkosazana Dlamini-Zuma akasema hapana. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba watu wanaosokota sigara zao hulamba karatasi kwa mate, halafu wanapeana. Maneno hayo yaligeuzwa hata wimbo wa utani.

Wavutaji waliacha? Wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliowauliza wavutaji walikuta kwamba takribani asilimia 90 waliendelea kununua. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Sigara zilipita mlango wa nyuma, nyingine zikivuka mpaka kutoka Zimbabwe.

Sasa angalia pesa ilikokwenda. Mwaka 2020, kila pakiti halali ya sigara 20 ililipiwa ushuru wa bidhaa wa randi 17.40. Pakiti ya magendo haikulipiwa hata senti. Mvutaji alitoa pesa nyingi kuliko zamani, hazina ya serikali haikupata chochote, na ile nyongeza yote ilimwendea mfanya magendo. Serikali haiwezi kutoza ushuru kwenye kitu ambacho yenyewe imesema hakiuzwi.

Desemba 2020, Mahakama Kuu ya Western Cape iliamua kwamba marufuku ya sigara ilikuwa kinyume cha katiba. Wakati huo sigara zilikuwa zimesharudi madukani miezi kadhaa. Februari 2021, waziri wa fedha Tito Mboweni alipandisha ushuru wa pombe na tumbaku kwa asilimia 8, na pakiti ikafika randi 18.79. Kwa sigara, nadhani hiyo ndiyo ingekuwa njia tangu mwanzo: bei inapanda, pesa inabaki serikalini. Kwa pombe ni vigumu kusema hivyo, kwa sababu ushuru unaopanda kidogo kidogo haupunguzi majeruhi wa Jumamosi hii.

Mkimbizi mwenye duka

Siku chache kabla ya karantini, waziri wa biashara ndogo, Khumbudzo Ntshavheni, alisema maduka ya mitaani yatakayofunguliwa ni ya raia wa Afrika Kusini tu. Mapema Aprili kanuni zikabadilishwa, na maduka mengine ya chakula yakaruhusiwa kwa kibali. Kwa hiyo mgeni aliyeuza sigara kwa siri alihatarisha zaidi ya faini. Mtu ambaye karatasi yake ya kuomba hifadhi inahuishwa kila baada ya miezi michache hataki kesi ya jinai.

Na pombe ya nyumbani?

Huko watu walinunua mananasi wakachachusha wenyewe. Kwetu tunajua habari hiyo. Kasiksi na urwagwa hazilipi ushuru wa bidhaa, wala kanyanga, lutuku au waragi ya kienyeji. Bia ya chupa ikipigwa marufuku au ikipanda bei, asiye na pesa anahamia huko, na mama anayepika anapata wateja zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye pombe kali ya kukenekwa, hasa ikichanganywa na spiriti ya viwandani ili ipate nguvu. Spiriti hiyo inaweza kuwa na sumu ya methanoli, ambayo huwezi kuitambua kwa ladha wala harufu. Dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku inayofuata: kuona ukungu, maumivu makali ya kichwa au tumbo, kutapika, kupumua kwa shida. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa, usimwache alale akisubiri hangova iishe. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mwambieni muuguzi alikunywa nini.