Kwa Nini Kuurudia Mwezi ni Kazi Nzito

Swali hili husikika mara kwa mara katika mazungumzo ya watu wenye fahamu zao, na ni swali la haki: ikiwa mwanadamu aliukanyaga mwezi mwaka 1969, zama ambazo Upper Hill ya Nairobi, kilima ambacho leo kimejaa maghorofa ya vioo, ilikuwa bado mtaa wa nyumba za chini zenye bustani, imekuwaje tangu Desemba 1972 hapana mguu wa binadamu ulioigusa tena ardhi ile? Wako wanaokata shauri upesi wakasema kwamba safari ile haikuwa kweli. Jibu hilo halistahimili ushahidi, maana wanaanga 12 walioshuka huko katika safari sita walirejea na mawe na udongo wa kilo 382, ambao wataalamu wa mataifa mbalimbali wangali wakiuchunguza. Jibu la kweli ni refu zaidi, na ndani yake mna funzo kwetu sisi wa Afrika Mashariki.

Na tuanze na uzito. Jumba la Britam, lililo refu kuliko majumba yote ya Upper Hill, lina kimo cha mita 200. Roketi ya Saturn V, iliyowabeba wanaanga wa mpango wa Apollo kwenda mwezini, ilikuwa na kimo cha mita 110, ambacho ni zaidi ya nusu ya jumba hilo, na siku ya kuruka ilikuwa na uzito wa takribani tani 2,900, aghalabu yake mafuta. Katika mnara huo wote, kilichoshuka mwezini kilikuwa chombo cha tani 15 hivi, na kilichorejea kuangukia bahari ya Pasifiki kilikuwa kijumba chenye umbo la pia, kisichofikia tani sita, na ndani yake watu watatu. Sababu ni kwamba mwezi u mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, na kila kilo ipelekwayo huko huhitaji mafuta ya kuirusha, na mafuta hayo nayo huhitaji mafuta mengine ya kuyabeba, hata hesabu ikapanda kwa namna ya kutisha.

Isitoshe, mwezi hauna hewa. Chombo kirudicho duniani hupunguzwa kasi na hewa, kisha hufungua miavuli yake; kishukacho mwezini hakina msaada huo, bali hutegemea injini yake toka juu hata chini, na ikikosea kwa sekunde chache hapana cha kukinusuru. Masaibu hayo yamewapata wakubwa. Chombo cha India kilivunjika Septemba 2019, cha Urusi kikajigonga ardhini Agosti 2023, na kimoja cha kampuni ya Marekani kikafika Februari 2024 lakini kikalala ubavu. India, iliyosahihisha kosa lake kwa subira, ilifaulu tarehe 23 Agosti 2023. Vyombo vyote hivyo havikuwa na mtu. Panapo roho za watu, hadhari huzidi maradufu.

Tena litafutwalo leo silo lile la mwaka 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitembea nje ya chombo chao kwa muda wa saa mbili na nusu tu, katika uwanda uliochaguliwa kwa usawa wake. Mpango wa Artemis wa Marekani wakusudia kwenda ncha ya kusini na hatimaye kukaa, kwa kuwa huko yako mashimo ambayo jua halijapata kuangaza ndani yake kwa dahari nyingi, na humo mna barafu iwezayo kutoa maji, oksijeni na hata mafuta. Lakini huko jua hutambaa upeoni, vivuli hurefuka vikaficha majabali, na baridi ya mashimo hayo hupita nyuzi 200 chini ya sifuri. Vumbi la mwezi, ambalo halikupata kulainishwa na upepo wala maji, lina makali kama vioo vilivyosagwa. Hula mavazi na viungo vya mitambo, na Harrison Schmitt wa Apollo 17 lilimtia mafua alipolivuta ndani ya chombo. Mtu akiugua ghafla Upper Hill, Hospitali ya Kenyatta iko papo hapo. Akiugua mwezini, tabibu yuko mbali naye kwa safari ya siku tatu.

Hata hivyo, maumbile siyo kizuizi pekee, na pengine sicho kikubwa. Rais Kennedy alipotoa azimio lake la kumpeleka mtu mwezini mwaka 1961, Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi, na kwa ajili ya mashindano hayo ilitoa mwaka 1966 zaidi ya asilimia nne ya matumizi ya serikali yake kwa shirika la NASA, na watu wapatao 400,000 wakashiriki kazi. Leo fungu hilo halifikii nusu ya asilimia moja. Wanaanga watatu walikufa katika moto Januari 1967 wakiwa bado chini katika majaribio, na taifa likaendelea. Watu wa leo hawaridhii hatari ya kiasi kile, wala si haki waridhie. Ndiyo maana chombo cha Orion cha mpango wa Artemis kiliporejea toka mwezini bila mtu Desemba 2022, na ngao yake ya joto ikaonekana imemeguka mahali zaidi ya mia moja, safari iliyofuata ilicheleweshwa hata sababu ijulikane.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili daftari lipo, maana michoro ya Saturn V haikupotea kama wengi wanavyodhani. Kilichopotea ni mikono. Wahandisi vijana wa NASA walipoifungua injini ya zamani ya roketi hiyo, iitwayo F-1, ili kujifunza, na mwaka 2013 wakakiwasha kipande chake, waliona kwamba mafundi wa kale waliichomelea kwa mkono, na kila injini ilikuwa na marekebisho madogo ambayo hayakuandikwa. Viwanda vilikuwa vimefungwa, wenye ujuzi wamestaafu au wamekufa.

Jambo kama hilo limetupata na sisi. Toka mnara wa San Marco, uliosimamishwa baharini karibu na Malindi, Waitalia walianza kurusha setilaiti mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Baada ya Machi 1988 mnara huo haukurusha tena. Ikapita miaka 30 ndipo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipoachiwa angani, Mei 2018, na Taifa-1, setilaiti ya taifa la Kenya, ikafuata Aprili 2023, nayo ikabebwa na roketi ya Wamarekani toka California.

Basi amali kubwa haimilikiwi kwa kufanywa mara moja. Hudumu maadamu yupo anayeifanya, na yupo kijana anayejifunza kando yake, na hazina inayowalipa wote wawili mwaka baada ya mwaka, hata siku ambazo hapana sherehe wala mashindano. Wamarekani wanalilipia somo hilo kwa mabilioni ya dola. Sisi tunaweza kulipata kwa gharama ndogo zaidi, tukihakikisha kwamba setilaiti ya pili ya taifa, na ya tatu, zinaundwa kabla mafundi wa ile ya kwanza hawajatawanyika.