Kwa nini mti uliovuliwa ganda hufa polepole



Katika kijiji kimoja cha misioni yetu ulikuwapo mwembe mkubwa karibu na kanisa. Mwaka mmoja ulizaa kupita desturi. Mwaka uliofuata majani yakanyauka, matawi yakakauka, mti ukafa. Watu wakasema: «Mti mzima haufi bure.» Wakamtaja mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa akiwagombeza watoto waliorusha mawe juu ya nyumba yake kwa kutafuta embe. Wengine walitaka afukuzwe. Mwalimu wa dini alitujia usiku kuomba shauri.

Asubuhi tulikwenda naye kutazama shina. Kwenye urefu wa kifua cha mtu, ganda lilikuwa limekatwa na watu waliotafuta dawa ya tumbo: leo kipande, kesho kipande, hata jeraha likazunguka shina lote kama mshipi. Ndiyo sababu ya kifo. Tuieleze basi.

Ndani ya mti mna njia mbili. Ya kwanza ni ya maji. Imo katika mti wenyewe, ule mgumu tunaopasulia mbao, hasa sehemu iliyo karibu na ganda. Ni mirija myembamba sana ya seli zilizokufa, tupu ndani, iliyoungana toka mizizi hata majani. Wenye elimu huiita zilemu.

Nani anayapandisha maji? Mti hauna moyo unaopiga kama wetu. Pampu inayovuta toka juu haiwezi kupandisha maji kupita metri 10 hivi. Lakini Marekani kuna miti inayopita metri 100. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walileta maelezo yanayokubaliwa hata leo. Joto la jua hugeuza maji ya majani kuwa mvuke, nao hutoka kwa vitundu vidogo. Chembe za maji hushikana kwa nguvu; zinazotoka huzivuta zilizo nyuma, nazo huzivuta nyingine, hata mizizini. Basi ni jua linalofanya kazi. Maji karibu yote yanayonyonywa na mizizi hutoka hivyo hewani.

Njia ya pili ni ya chakula, nayo huitwa floemu. Imo katika ganda, upande wake wa ndani, na seli zake ni hai. Majani hufanya sukari kwa nguvu ya mwanga, kwa maji na kwa gazi ya kaboni iliyo hewani. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 jinsi inavyosafiri. Majani yanapoingiza sukari katika mirija, maji huifuata toka mirija jirani, na msukumo huzidi. Mizizi au matunda yanapoitoa sukari ile, msukumo hupungua. Kwa hiyo utomvu hutoka penye wingi kwenda penye haja, chini au juu. Muhogo hunenepa kwa njia hii. Mama anayechuma sombe kupita kiasi apunguza muhogo wake mwenyewe, kwa maana majani ndiyo jiko.

Turudi kwa mwembe. Ganda likikatwa kuzunguka shina, maji bado yapanda, majani yabaki mabichi, wala watu hawaoni neno. Lakini sukari haishuki tena. Hukusanyika juu ya jeraha, na ganda la hapo huvimba, kama Mwitalia Marcello Malpighi alivyoona katika karne ya 17. Matunda nayo hupata zaidi. Ndiyo maana ya mazao yale mengi. Wakati huo mizizi yala akiba yake. Ikiisha, mizizi yafa njaa, haivuti maji tena, na mti wote wakauka. Hayo huchukua miezi mingi, pengine kupita mwaka. Aliyekata amekwisha kusahau, na watu wamtafuta mchawi.

Tuliwakusanya watu, tukawaonyesha jeraha. Kisha tukavua ganda la tawi moja la mpera, kulizunguka, mbele ya macho yao. Baada ya majuma kadhaa wakauona uvimbe juu ya mkato, majani yakiwa mabichi bado. Mama yule akabaki nyumbani mwake, ingawa si wote waliokwenda kumwomba radhi.

Anayehitaji ganda la dawa avue kipande chembamba upande mmoja, toka juu kwenda chini, asizunguke shina, na aache ganda lirudi kabla ya kuvua tena. Katika Kivu uko mti uitwao Prunus africana, ambao ganda lake huuzwa ng'ambo kwa dawa. Tangu mwaka 1995 biashara yake yaangaliwa kwa mapatano ya mataifa. Huo nao ukivuliwa kuzunguka wote, hufa vivyo hivyo.

Nanyi walimu wa dini, mti ukikauka kijijini, msikubali jina la mtu litajwe kwanza. Amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Nendeni pamoja na watu mkatazame shina.