Je, Wajua? Jani la Jozi Limo Ndani ya Neno Karafuu

Je, wajua kwamba kila usemapo "karafuu" unalitaja jani la mti mwingine kabisa? Neno letu tumelipata kwa Waarabu, wanaosema qaranful, nalo ni ndugu wa neno la Kigiriki cha kale, karyophyllon. Likate vipande viwili: karyon ni jozi, phyllon ni jani. Jani la jozi!

Jozi ni ile njugu yenye ganda gumu, ambayo kokwa yake imekunjamana kama ubongo. Mti wake hupenda nchi zenye majira ya baridi: Kashmir, Iran, Uturuki, na milima ya Kirgizstan, ambako kijiji cha Arslanbob kimezungukwa na msitu wa asili wa mijozi ulio miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Jani lake lina vijani kadhaa, mara nyingi saba, kwenye kikonyo kimoja. Ukilifikicha mkononi linatoa harufu ya utomvu wa msonobari, na kwa mbali kama ya ndimu.

Pua haikosei hapo. Wanakemia walipoyapika kwa mvuke majani ya jozi ya Kashmir, karibu 30% ya mafuta yaliyodondoka ilikuwa beta-pineni, na alfa-pineni ikawa kama nusu ya kiasi hicho. Hizo ndizo zinazoipa misonobari harufu yake. Ilikuwamo na limoneni kidogo, ile ya maganda ya malimau. Kisha, kwa kiasi cha 15%, ikapatikana beta-kariofilini. Lisome jina hilo polepole: limetokana na Caryophyllus, jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Yaani karafuu ilikwisha kulibeba jani la jozi katika jina lake, na jani la jozi nalo limebeba kemikali yenye jina la karafuu. Sijapata kuona sadfa nzuri kuliko hii katika kemia nzima.

Lakini undugu huo wa majina usikudanganye ukadhani mafuta ya mimea hiyo miwili ni mamoja. Mafuta ya karafuu hutawaliwa na yujinoli, inayotia ganzi jino linalouma, na kilo 100 za karafuu kavu zinaweza kutoa kilo 15 za mafuta, hata zaidi. Kwenye kiwanda cha Wawi, Pemba, hata makonyo hayatupwi. Hupikwa yakatoa mafuta yake. Majani ya jozi kilo 100 hayakupi hata kilo moja. Ndiyo maana "mafuta ya jozi" ya dukani kwa kawaida ni mafuta ya kula, yaliyokamuliwa kwenye kokwa, wala hayana uhusiano na hayo ya majani.

Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba beta-kariofilini, ile yenye jina la karafuu, hushika vipokezi vya mwili viitwavyo CB2, vilivyo jamii moja na vile vinavyoguswa na bangi, ila yenyewe hailevyi. Panya waliopewa walipungukiwa na uvimbe. Hao ni panya. Kwa binadamu njia bado ni ndefu.

Je, wajua tena kwamba jani la jozi, kwa rangi yake, ni jamaa wa hina? Ndani ya jani bichi, na kwenye ganda la kijani la tunda, mna kitu kisicho na rangi kilichofungamana na sukari. Jani likipondwa na hewa ikaingia, kitu hicho hugeuka kuwa jugloni, na vidole vya mchumaji hubaki na rangi ya kahawia kwa siku kadhaa, sabuni isifue dafu. Rangi ya hina inaitwa losoni. Zote mbili zina atomu 10 za kaboni, 6 za haidrojeni na 3 za oksijeni. Kinachozitenganisha ni mahali ilipokaa atomu moja ya oksijeni pamoja na haidrojeni yake, na zote mbili hung'ang'ania protini ya ngozi. Tofauti ni kwamba jugloni ni kali: inaweza kuzuia baadhi ya mimea isikue karibu na mti, na mwandishi Pliny wa Roma alikwisha kukilalamikia kivuli cha mjozi katika karne ya kwanza.

Na dawa je? Shirika la Dawa la Ulaya linayatambua majani makavu ya jozi kwa kazi mbili tu, zote za nje ya mwili: kutuliza uvimbe mdogo wa ngozi, na kupunguza jasho jingi la mikono na miguu. Linafanya hivyo kwa kuheshimu matumizi ya miaka mingi, si kwa sababu majaribio ya hospitali yamethibitisha. Huchemshwa, maji yake yakatumika kuloweka au kukanda. Inayodhaniwa kufanya kazi hapo hasa ni tanini, ileile inayokausha ulimi unywapo chai ya rangi iliyokolea. Tanini haipandi na mvuke. Mafuta yakishapanda, tanini hubaki chini ya sufuria pamoja na majani.