JE, WAJUA? Tripodi ya kamera hubeba hata taa

Je, wajua kwamba tripodi ya kamera inaweza kuwa stendi ya taa bila kutobolewa wala kuchomelewa?

Siri iko kwenye skrubu. Ile inayoshika kamera ina unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, na hesi 20 kwa kila inchi. Ukifungua kichwa cha tripodi nyingi, chini yake utakuta skrubu nene zaidi, ya inchi 3/8. Taa nyingi za studio, kwa upande wake, huvishwa kwenye kipini cha inchi 5/8, takriban milimita 16. Kinachoziunganisha ni adapta ndogo ya chuma: upande mmoja tundu lenye hesi, upande wa pili kipini. Zungusha adapta hadi ikaze, vika taa, kisha kaza skrubu yake ya pembeni.

Kwenye ngazi au mteremko, tripodi huishinda stendi ya kawaida, maana kila mguu hurefushwa peke yake. Upungufu wake ni kimo: nyingi huishia usawa wa macho, ilhali stendi nyingi za taa hupita mita 2.

Ukiweka mwavuli wa studio kwenye taa, jihadhari: hudaka upepo kama tanga. Elekeza mguu mmoja kule taa inakoelemea, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, na usipandishe nguzo ya kati pasipo lazima. Usalama wa anayepigwa picha hutangulia uzuri wa picha.